Mizani ya Nuru

Mgeni atokaye Geita kwa barabara ya Biharamulo hufika kwanza Katoro; kisha, kabla hajamaliza kuyasoma mabango ya maduka, huambiwa kwamba amekwisha kuingia Buseresere. Miji hiyo miwili imegusana kama nyumba za mtaa mmoja, ingawa Katoro umo katika Wilaya ya Geita na Buseresere katika Wilaya ya Chato. Ni miji ya mazao, ng'ombe na dhahabu. Udongo wake ni mwekundu, mapaa yake ni ya mabati, na jua lake ni la karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi, na mtu akawa amekikanyaga kivuli chake mwenyewe.

Katika miaka ya 1990, wakati Buseresere ungali katika Wilaya ya Biharamulo na Mkoa wa Kagera, kabla Chato haijawa wilaya na kabla ya mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, palikuwapo hapo kijana mmoja mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, chenye pazia la buluu upande wa mbele na chumba cha giza upande wa nyuma. Picha za rangi alizipeleka Mwanza kusafishwa. Za nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe, usiku, kwa maji ya kisima yaliyochujwa kwa kitambaa. Wateja wake walikuwa wanafunzi waliotakiwa kubandika paspoti kwenye fomu, mabwana harusi, akina mama wenye watoto wachanga, na wachimbaji wadogo waliopata.

Hao wa mwisho ndio waliomlisha. Mchimbaji mdogo ni mtu wa kuhama. Husikika kwamba dhahabu imefumuka mahali fulani, na kufikapo asubuhi kambi nzima imekwisha kuondoka na magodoro yake. Akipata, hununua nguo, hula nyama, na hupiga picha. Kwa kuwa nguo huchakaa na nyama huliwa ikaisha, bali picha hutumwa nyumbani, Maswa au Kahama au Bariadi, ikawekwa ukutani iwe ushahidi kwamba mtoto wa fulani yu hai na mambo yake si mabaya. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya pazia la buluu hakuwa akinunua karatasi. Alikuwa akituma uso wake kwa mama yake.

Kijana yule aliifunza kazi yake katika karatasi ndogo zilizokuja ndani ya visanduku vya filamu. Karatasi hizo zilikuwa na vijipicha vya jua, wingu na kivuli, na pembeni mwa kila kijipicha namba. Maana kamera ina milango miwili ya nuru: tundu la lenzi, linalopanuliwa na kufinywa, na shata, inayofunguka kwa muda mrefu au mfupi. Namba za tundu huhesabiwa kinyume cha mazoea: 16 ni tundu dogo, 11 ni kubwa zaidi, kisha 8, kisha 5.6, na kila hatua huongeza nuru maradufu. Kanuni ya karatasi ile ni nyepesi. Jua likiwa wazi na vivuli vikiwa vikali, tundu na liwe 16, na shata ifunguke kwa sehemu ya sekunde iliyo sawa na namba ya filamu: filamu ya 100 kwa sehemu moja ya 100, au ya 125 iliyo jirani yake kwenye kamera. Wingu jepesi likipita, 11. Wingu zito, 8. Kivuli cha mwembe au cha baraza, 5.6. Kwa kanuni hiyo, bila ya chombo chochote, watu wamepiga picha dunia nzima, kwa sababu jua la mchana ni moja na haligeuki ovyo.

Lakini aghalabu watu hawaiamini kanuni; huyaamini macho. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kwa yale waliyoyakusudia walisema kweli. Kwa mpiga picha, hata hivyo, jicho lina pazia, nalo ndilo limchongealo. Mboni husinyaa juani na hupanuka gizani, na ubongo hukamilisha yaliyosalia, hata mtu akiingia ndani ya nyumba ya udongo kutoka juani huona kwanza giza, kisha baada ya kitambo huona kwamba mna mwanga wa kutosha. Hauwi wa kutosha. Huenda nuru iliyomo isifike hata sehemu moja ya mia ya ile ya nje. Jicho ni hodari wa kulinganisha vitu viwili, lakini kupima kimoja peke yake haliwezi.

Ndiyo maana binadamu akatengeneza kipima-mwanga. Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani iliwatolea wapiga picha kipimo chenye madini ya seleniamu, yenye tabia ya kugeuza nuru kuwa umeme kidogo, na umeme huo ukausukuma mshale. Hakikuhitaji betri. Baadaye vikaja vipimo vyenye kuhisi nuru hafifu zaidi, navyo vikategemea betri ndogo za zebaki, zebaki ileile ambayo wachimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu kisha wakaichoma moto na kuuvuta moshi wake. Betri hizo zilipoondolewa sokoni kwa ajili ya sumu, vipimo vingi vya zamani vilibaki vikisema namba zisizo zao, kwa sababu betri zilizoshika mahali pake zilikuwa na nguvu tofauti kidogo.

Kijana wa Buseresere alipata kamera ya Kirusi iliyokwisha kutumika, yenye kipimo cha seleniamu kwenye paji la uso wake, kioo cha vijicho vingi mfano wa sega la nyuki. Akaona amefika. Tangu siku hiyo hakutazama tena mawingu. Alitazama mshale.

Siku moja ya kiangazi, saa sita za mchana, alikuja mchimbaji wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa mweusi kwa maumbile, na jua la kambini lilikuwa limemzidishia. Alivaa shati jipya jeupe, lililopigwa pasi hata mikunjo ikasimama kama karatasi, na kofia ya ukingo mpana. Alitaka apigwe nje, wima, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kwa sababu ndani ya studio shati lisingeonekana vizuri. Kijana aliinua kamera, mshale ukapanda juu sana, naye akautii: akalifinya tundu na kuiharakisha shata mpaka mshale ukatulia. Akapiga mara moja tu, maana filamu ilikuwa na thamani. Mteja akalipa, akaandika jina katika daftari, akasema atarudi Jumamosi. Kabla ya Jumamosi dhahabu ilifumuka kwingine, naye akaondoka na wenziwe.

Usiku wa kusafisha, kijana aliinua filamu kwenye mwanga akaona shati. Vifungo vilihesabika kimoja kimoja. Juu ya shati, chini ya ukingo wa kofia, palikuwa pamebaki plastiki tupu, angavu kama kioo cha dirisha.

Ni nini kilichotokea? Kipimo hakikuharibika, wala hakikusema uongo. Kipimo cha aina ile hakijui kilichoelekezwa ni ukuta, ng'ombe au mtu. Kimefundishwa jambo moja, kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Kikielekezwa kwenye weupe, husema nuru imezidi, punguza. Kikielekezwa kwenye weusi, husema nuru haitoshi, ongeza. Mbele ya shati jeupe na ukuta wa chokaa kiliamuru zipunguzwe hatua mbili na ushei. Na uso wa kijana yule, chini ya kofia, kwa asili yake ulikuwa chini ya kijivu hicho kwa hatua mbili nyingine. Mbili na mbili ni nne, na hatua nne maana yake ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu: uso ulipata sehemu moja ya kumi na sita ya nuru inayompa mtu sura ya wastani. Kipimo kiliulizwa habari za shati, kikajibu habari za shati. Habari za mtu hakikuulizwa.

Msomaji aweza kudhani kwamba kosa hilo hurekebishwa katika chumba cha giza. Hurekebishwa, lakini kwa mpaka. Filamu nyeusi na nyeupe ni chumvi za fedha. Palipopata nuru, dawa huzigeuza kuwa fedha nyeusi; pasipopata, dawa ya pili huziyeyusha zikaondoka na maji. Pakiwa na fedha kidogo, fundi aweza kuisaidia. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams, jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, aliona mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico, na misalaba meupe ya makaburini ikiguswa na jua la mwisho. Alikitafuta kipima-mwanga chake asikipate. Akakumbuka kwamba mng'ao wa mwezi unajulikana, mishumaa 250 kwa futi ya mraba, akapiga hesabu kichwani, akapiga picha moja. Alipogeuza kishikio cha filamu ili apige ya pili, nuru ilikuwa imekwisha kuihama misalaba. Sehemu ya chini ya filamu yake ilitoka hafifu, na mwaka 1948 aliitia dawa ya kuikoleza. Aliweza kwa kuwa palikuwa na kitu cha kukolezwa. Usoni pa mchimbaji wa Buseresere hapakuwa na kitu.

Na kwa kuwa mwezi umetajwa, washairi wasikie jambo. Wapenzi wangapi wamefananishwa na mwezi kwa weupe! Kumbe mwezi si mweupe. Uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya nuru ya jua inayouangukia; ni mawe ya rangi ya lami iliyochakaa, meusi kuliko kile kijivu cha kati cha kipimo. Unang'aa kwa kuwa umesimama juani, nasi tuutazamao tumo gizani. Mwezi ni uso mweusi uliopewa haki yake ya nuru.

Haki hiyo haikuwa rahisi kupatikana. Viwanda vya filamu vilikuwa mbali, na kwa miongo mingi sura iliyotumika kupima usahihi wa rangi katika maabara za Kodak ilikuwa ya mwanamke mweupe, katika kadi zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Filamu ilipimwa kwa ngozi hiyo, kisha ikapakiwa melini. Huku ilikofika ilikutana na watu wengine na mavazi mengine. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, alifanya kazi katika mji wa kuta za chokaa, kanzu nyeupe na mabuibui meusi, yaani mji ambao ndani ya picha moja ya harusi kipimo huambiwa mambo mawili yasiyopatana. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 akafariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe kazi hiyo na kuwapiga watu wa kisiwa chake, nyuso za kila rangi ya pwani, kwa filamu zisizokuwa na habari nao. Kila picha yao ambayo ndani yake mtu anatazamana na sisi ni ushahidi wa uamuzi uliofanywa na mtu, si na kiwanda.

Kijana wa Buseresere aliubeba msiba wake kwa jirani yake, mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu, aliyekuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo ili upepo usiitikise. Mzee alimsikiliza, akamwonyesha mizani. "Hii," alimwambia, "inajua uzito, haijui dhahabu. Ukiiwekea risasi, itakupimia risasi kwa uaminifu uleule. Kujua kilichomo sahanini ni kazi yangu mimi."

Basi hakukitupa kipimo. Alijifunza kukiuliza. Aligundua jambo ambalo wapiga picha wa zamani walilijua pia: kwamba nyuso za watu hutofautiana mno kwa rangi, lakini viganja havitofautiani sana. Kiganja cha mtu mweusi na cha mtu mweupe hukaribiana, na vyote huwa juu ya kijivu cha kati kwa kiasi cha hatua moja. Akaanza kunyoosha mkono wake mwenyewe mahali pa uso wa mteja, kiganja kikiitazama kamera, akasogeza kipimo mpaka kikaona kiganja peke yake, kisha akaongeza nuru hatua moja. Shati lilivyokuwa jeupe au kofia ilivyokuwa nyeusi, havikumhusu tena. Mteja mweusi sana alimwongezea nusu hatua nyingine, maana filamu ya negativu husamehe nuru iliyozidi kuliko iliyopungua. Saa sita alikataa kupiga juani, akawahamishia watu ukingoni mwa kivuli cha baraza, wakielekea uwanja, ili udongo mwekundu uwarudishie nuru kutoka chini na kuyajaza matundu ya macho. Na kanuni ya karatasi aliirudia pia. Kila mara kabla ya kutazama mshale alijisemea namba kimoyomoyo, na mshale ukipingana naye kwa zaidi ya hatua moja, alisimama akauliza nani kati yao ameona kitu kisichokuwapo.

Wapenzi wa ushairi watakuwa wamekwisha kulitambua gogo hilo, kwani na wao wamelikalia miaka mingi. Lugha yetu imelipa neno mizani kazi mbili: chombo cha mwenye dhahabu, na hesabu ya silabi za mshororo. Shairi letu lililozoeleka lina mizani kumi na sita, nane kwa nane. Na kanuni ya jua kali ni kumi na sita. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kukumbukwa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliwawekea watunzi kipimo mkononi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa lilelile ambalo Chato imelielekea, alipotoa Kichomi mwaka 1974, alionyesha kwamba mtu aweza kutunga bila ya kipimo hicho, na makelele yaliyofuata yanajulikana. Waliogombana walisahau aliyoyasema mzee wa dhahabu. Mizani huhesabu silabi kwa uaminifu, ziwe za shairi au za tangazo la mnada. Na anayeiacha mizani hakuachiliwa na kazi ya kupima. Amejitwisha yote sikioni mwake, na sikio, kama jicho, hujizoesha upesi na giza lake.

Mwaka wa pili baada ya mchimbaji yule kuondoka, aliingia studio mama mmoja wa makamo, vumbi la safari lingali miguuni. Alitoka upande wa Maswa. Alikuwa na jina la mwanawe na habari moja tu, kwamba mara ya mwisho alisema amepiga picha Buseresere na ataituma.

"Shikamoo, mayu," kijana alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuichukua."

Kijana alilifungua daftari, jina likaonekana. Akaitoa ile filamu katika bahasha, na pamoja nayo karatasi moja aliyowahi kujaribu kuichapa usiku ule. Hakuwa na cha kusema, akamkabidhi. Mama aliitazama mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akairudisha tena.

"Shati nalifahamu," alisema. "Fedha ya shati aliniambia. Mtu simwoni."

Kijana alimweleza kwamba kosa ni lake, si la mwanawe wala la kamera. Mama hakumlaumu. Alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, kisha akauliza kama picha huchukua siku ngapi, akajibiwa kwamba kesho asubuhi. "Basi nipige mimi," akasema. "Watu wote husema amefanana nami. Utaibandika hapo mlangoni. Akipita huku ataniona, atajua nilimfuata."

Kijana alimtoa nje, ukingoni mwa baraza. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kikiwaka. Mshale ungekipenda kitambaa hicho. Kijana alinyoosha kiganja chake karibu na shavu lake, akasoma, akaongeza hatua moja na nusu, akapiga mara mbili. Mama akauliza mkono ule ulikuwa wa nini. Akamwambia: "Naupima mwanga wako, mayu, nisije nikapima kilemba."

Asubuhi uso ulikuwapo wote, hata mistari miwili midogo iliyoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Kilemba kilikuwa kimepauka kidogo kuliko ilivyopasa, na mikunjo yake mingine imepotea. Mama alilipa, akakataa kurudishiwa fedha, akachukua nakala moja. Ya pili ilibandikwa mlangoni.

Leo vijana wa Buseresere hawamhitaji mtu wa kuwapimia nuru. Simu zao huutafuta uso ndani ya picha kabla ya kupima chochote, na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imefundishwa upya ili izitendee haki ngozi zilizokoza rangi. Ni jambo jema, na limechelewa. Hata hivyo, aliyemweka mtu mweusi mbele ya dirisha lenye jua au ukuta mweupe bado huona simu ikisitasita baina ya vitu viwili, na ni lazima kidole cha mtu kiguse kioo, kiseme: hapa, pima hapa.

Picha ya mlangoni ilipauka kwa jua la miaka mingi mpaka ikalingana na karatasi. Lakini filamu zake zimehifadhiwa, ndani ya bahasha moja, chini ya jina moja la ukoo: moja ina shati lisilo na mtu, na nyingine ina uso wa mama anayemngojea.